Mashine imechemsha? Hapana, sisi ndio tumechemsha

Kuna sentensi moja katika magazeti yetu ambayo kila nikiisoma natamani kulichana gazeti lenyewe. Inasema hivi: "Boti hiyo ilipata hitilafu ya injini ikiwa katikati ya bahari." Nukta. Habari imeisha. Abiria wameokolewa na wavuvi, mkuu wa wilaya ametoa pole na kuwataka wananchi wawe watulivu, sisi tunageuza ukurasa tunakwenda kwenye Simba na Yanga.

Hitilafu ipi jamani? Kilikatika nini? Kiliziba nini? Nani alikiona jana yake akanyamaza? Mtu akifa hospitalini hatuandiki kwamba "alipata hitilafu ya mwili". Tunauliza ni malaria, ni presha, ni moyo au ni nini. Lakini boti ikizimika na watu arobaini ndani yake, neno "hitilafu" linatutosha, kana kwamba ni kudra tu, kana kwamba chuma nacho kina siku yake iliyoandikwa.

Mimi ni mwandishi wa habari, mkate wangu unatoka gazetini, na sina ugomvi na wenzangu. Ila hii ni blogu yangu, hapa hakuna mhariri wa kunikatia aya ya mwisho kwa sababu tangazo limeingia. Kwa hiyo leo nasema ninachotaka kusema, na wewe uliyezoea kuja hapa kusoma mambo ya siasa na muziki nivumilie kidogo, maana leo nitazungumzia mabomba. Ndiyo, mabomba. Bomba la maji na bomba la moshi.

Hoja yangu ni hii: mtu anayebadilisha mashine ya boti yake akaweka kubwa zaidi, halafu akaacha mfumo wa kupoozea na bomba la moshi vilevile vilivyokuwa, huyo hajaboresha boti. Amenunua hatari mpya, akaipaka rangi, akaanza kuikatia watu tiketi.

Nimezunguka kidogo kwenye bandari ndogo na mialo ya pwani hii. Kunduchi, Bagamoyo, Kipumbwi, Nyamisati. Utamu wa mazungumzo ya kule ni mmoja: farasi. Fulani ameweka mashine ya farasi themanini. Fulani alikuwa na hamsini, sasa ana mia moja na ishirini, anakwenda Mafia "kama anatelezesha". Mashine ikishushwa kutoka kwenye lori watu wanakusanyika, inasomwa dua, boti inapigwa rangi, inaandikwa jina ubavuni, na ikibidi inafungwa redio yenye spika kubwa kuliko kichwa cha nahodha. Hakuna ubaya, kila mtu ana haki ya kufurahia jasho lake. Sasa mwulize huyo mwenye boti: na bomba la moshi je? Atakuonyesha bomba lilelile la zamani, lenye kutu, limefungwa kipande cha gunia pale linapopita karibu na mbao. Na maji ya kupoozea je? Mpira uleule, klipu ileile, tundu lilelile la chini ya mkuku.

Hapo ndipo ninapochoka.

Tuanze na maji. Injini ya dizeli, kwa hesabu ya haraka, inatumia takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuzungusha shafti. Theluthi nyingine inatoka na moshi. Karibu theluthi iliyobaki inabaki kwenye chuma kama joto, na lazima mtu alibebe joto hilo alitoe nje. Usipolitoa, mashine inachemsha. Nadhani hata wewe usiyejua kuendesha gari unajua maana ya "gari limechemsha": mmekaa kando ya barabara Chalinze, konda anatafuta maji ya kumwagia.

Kwenye lori kazi hiyo inafanywa na rejeta, feni na upepo wa barabarani. Na hapa ndipo penye kiini cha matatizo yetu, kwa sababu boti nyingi za mbao za pwani yetu zinatumia injini zilizotoka kwenye malori. Siwacheki hata kidogo. Injini ya lori ni imara, vipuri vyake vinapatikana Dar, na mafundi wanaoijua wapo kila kona. Tatizo ni kwamba injini ile ilizaliwa kukaa mbele ya upepo, nasi tumeishusha ndani ya tumbo la mashua, chini ya mbao, pasipo na upepo wowote. Kwa hiyo lazima tuipe maji ya bahari badala ya upepo. Swali linakuja: tunampaje?

Njia ya mkato ni kuvuta maji ya bahari na kuyapitisha moja kwa moja ndani ya injini, yakazunguka na kutoka. Ni rahisi, na ndiyo maana inapendwa. Lakini maji ya bahari yakipata joto la nyuzi 60 hivi na kuendelea, yanaanza kuacha magamba ya chumvi na chokaa ndani ya njia za maji, kama yale unayoyaona ndani ya birika la nyumbani. Njia zinakuwa nyembamba, joto linapanda, magamba yanazidi, njia zinakuwa nyembamba zaidi. Ukitaka kukwepa hilo inabidi uiache mashine ifanye kazi ikiwa baridi mno, wakati yenyewe ilitengenezwa ifanye kazi kwenye nyuzi 80 na kitu. Mashine ya dizeli isiyopata joto lake inachoma mafuta vibaya na kulika haraka. Na katika hali zote mbili chumvi inaendelea kukitafuna chuma polepole, usiku na mchana, hata siku boti imelala.

Njia ya watu wazima ni kuwa na maji ya aina mbili yasiyokutana. Ndani ya injini yanazunguka maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyochanganywa na kulanti. Maji hayo yanapita kwenye kibadilisha joto, ambacho kwa lugha nyepesi ni debe lenye mirija mingi myembamba ndani yake. Bahari inapita ndani ya mirija, maji ya injini yanapita nje ya mirija, joto linahama, maji hayachanganyiki. Wengine wanapitisha maji ya injini kwenye bomba lililolazwa nje, pembeni mwa mkuku, bahari ikalipooza kutoka nje. Hakuna maajabu wala siri ya wazungu. Ni kazi ambayo fundi mzuri wa Gerezani akipewa mchoro sahihi na madini sahihi ataifanya akiwa anapiga mluzi.

Nimesema madini sahihi kwa makusudi. Koki ya chini, ile inayoruhusu bahari iingie kwenye mpira, inatakiwa iwe ya bronzi. Sisi tunakwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi tunanunua koki ya shaba ya manjano iliyotengenezwa kwa ajili ya bafu. Shaba ile ina zinki ndani yake, na bahari inaila zinki hiyo taratibu, ikabaki shaba ya rangi ya waridi isiyo na nguvu, inayovunjika kwa kuguswa. Kwa nje ukiitazama bado ni koki. Kumbuka hilo ni tundu lililo chini ya usawa wa maji! Ikikatika usiku, kinachofuata si "hitilafu ya injini". Kinachofuata ni ngama kujaa na watu kuanza kukumbuka shahada.

Halafu kuna kitu kidogo kiitwacho impela. Ni gurudumu la mpira lenye mapezi, liko ndani ya pampu, ndilo linalovuta maji ya bahari. Mpira ule unapozwa na maji yale yale unayoyavuta. Maji yakikatika, unajisugua mkavu na kuharibika ndani ya muda mfupi sana. Sasa fikiria kitu gani kinaelea kwenye bahari yetu. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini bahari haikusoma tangazo lile. Mfuko mmoja ukiziba tundu la maji, impela inakufa, joto linapanda, gasketi ya silinda hedi inaungua, na mashine ya farasi mia na ishirini inakuwa nanga ya bei mbaya.

Nayajua haya kwa sababu yamenikuta. Sitaitaja boti wala njia, maana nia yangu si kumchongea mtu. Tulikuwa na mzigo wa mchele, sementi, kuku kadhaa na abiria ambao sikumaliza kuwahesabu. Saa moja na nusu baada ya kung'oa nanga mashine ilibadilisha sauti, moshi ukawa mweupe, ikazima. Baharia kijana akaingia chini, akatoka na kipande cha mfuko mweusi na mapezi matatu ya mpira kiganjani. Nikamwuliza nahodha, "Shikamoo mzee, ya akiba ipo?" Akanitazama kama niliyemwuliza kama ana helikopta. "Marahaba mwanangu. Ya akiba ipo dukani."

Msomaji wangu wa mjini anaweza kudhani kuzimika ni usumbufu tu, kama daladala kuharibika Ubungo. Sivyo. Boti yenye mashine inayofanya kazi inakata mawimbi kwa omo. Ikizimika, haina tena nguvu ya kushika uelekeo. Upepo unaigeuza, na mara nyingi inalala ubavu kwa wimbi. Ubavuni ndiko mbao zilipo chini, ndiko maji yanakoingilia, na ndiko abiria wanakokimbilia wakitaka kuona kuna nini. Siku ile bahari ilikuwa shwari, na jahazi moja lililotweka tanga, lisilo na farasi hata mmoja, ndilo lililotuvuta. Ingekuwa kusi limechachamaa, leo mtu mwingine angekuwa anaandika kwamba boti ilipata hitilafu ya injini.

Sasa tuje kwenye moshi, ambako mimi naona ndiko kwenye aibu kubwa zaidi.

Moshi unaotoka kwenye dizeli inayovuta mzigo hupita nyuzi 400 za joto. Bomba tupu la chuma linalobeba moshi huo linakuwa na joto hilo hilo au karibu yake. Mafuta ya dizeli yanaweza kujiwasha yenyewe, bila cheche, bila kiberiti, yakigusa kitu chenye joto la kuanzia nyuzi 210 au 250 hivi. Chukua kalamu ufanye hesabu. Mpira wa mafuta ukipasuka kidogo, ukarushia mvuke wa dizeli kwenye bomba hilo, ndani ya chumba cha mbao zilizoshiba mafuta kwa miaka kumi, unahitaji nini tena ili upate moto? Lile gunia lililozungushwa kwenye bomba halizuii hilo. Gunia limelowa mafuta. Gunia ni utambi.

Dunia inalijua jambo hili zamani. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama, unataka sehemu yoyote ya mashine inayozidi nyuzi 220, ambayo mafuta yanaweza kuirukia, ifunikwe kwa kizuia joto. Nyuzi 220. Namba hiyo haikuokotwa barabarani, iko pale pale ambapo dizeli inaanza kuwaka.

Lakini sikiliza kichekesho. Mkataba huo huo unaorodhesha vyombo usivyovihusu. Kwa jumla unahusu safari za kimataifa, kwa hiyo safari ya Nyamisati hadi Kilindoni haimo. Na katika orodha ya vilivyoachwa kuna kundi linaloitwa, kwa tafsiri yangu, meli za mbao zilizoundwa kwa namna ya kale. Yaani sisi! Siwalaumu walioandika, walikuwa wanafikiria chombo cha matanga ambacho joto lake kubwa kuliko yote ni jiko la nahodha la kupikia chai. Ila dizeli yenye farasi mia na ishirini haina ukale wowote. Haijui kwamba imekaa ndani ya mbao za mwembe au mkoko, wala haijui kwamba safari ni ya ndani ya nchi. Inaunguza kwa nyuzi zile zile inazounguzia kwenye meli ya Ulaya.

Mkataba ukituacha, basi kazi inabaki kwetu. Bara tuna TASAC, Zanzibar kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini, na sheria za vyombo vidogo ni zetu wenyewe kuziandika na kuzisimamia. Hatuhitaji kusubiri ruhusa kutoka London ili tuseme bomba la moshi lifunikwe.

Moto angalau unauona. Kuna kitu kingine humo kwenye moshi ambacho hukioni wala hukinusi: hewa ya kaboni monoksaidi. Ikiingia kwenye damu inang'ang'ania mahali pa oksijeni kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Dalili zake za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika na kulegea. Soma tena dalili hizo taratibu. Je, si ndizo dalili za mtu aliyechafukwa na bahari? Mama anatapika, mtoto analegea, wenzao wanasema "ah, hajazoea bahari huyo, mlazeni pale chini, mfunikeni turubai." Pale chini ndipo karibu na mashine. Turubai ndilo linaloufungia moshi usitoke.

Niwe mkweli hapa nisije nikaambiwa natia chumvi: dizeli inatoa hewa hiyo kidogo kuliko petroli, tena kidogo sana ikiwa inachoma vizuri. Lakini dizeli iliyokabwa, inayotapika moshi mweusi, inatoa zaidi. Na boti nyingi zina pampu ya petroli ya kunyonya maji ya ngama au jenereta ndogo ya taa, na hizo ni hatari kwelikweli zikiwashwa ndani. Pia boti inapokwenda mbele, hewa nyuma ya tezi huzunguka na kurudi ndani. Bomba likiishia chini kwenye tezi, moshi unaodhani umeuacha nyuma unawarudia walioketi nyuma.

Mfano upo, na hautoki kwa maskini wenye mashua za mbao. Agosti 2000, katika ziwa la Lake Powell huko Marekani, ndugu wawili, watoto, walikufa walipokuwa wakiogelea nyuma ya boti ya kifahari. Jenereta ya petroli ilikuwa ikitoa moshi wake kwenye uwazi ulio chini ya jukwaa la nyuma, na hewa ile ikajikusanya humo. Wenzetu hawakuandika "hitilafu". Watafiti wa serikali walikwenda na vipimo vyao, wakapima hewa boti kwa boti, na mwaka 2001 walinzi wa pwani wa Marekani wakataka boti za muundo ule zirudishwe zirekebishwe. Dawa mojawapo iliyopimwa na kuonekana inafaa ilikuwa rahisi mno: bomba refu lililosimama, linalopeleka moshi juu ya vichwa vya watu. Bomba tu! Unaona sasa kwa nini nimeandika makala nzima kuhusu mabomba?

Kwa hiyo kuboresha moshi kuna njia mbili. Ya kwanza ndiyo hiyo, bomba kavu linalopanda juu, lililovikwa kizuia joto cha kweli mwanzo hadi mwisho, lililowekwa mbali na mbao, lenye kiungo cha kunyumbulika ili mtikisiko wa mashine usilipasue. Na tafadhali kizuia joto kisiwe ile kamba ya zamani ya asbesto, usije ukaokoa boti ukaua mapafu ya fundi. Ya pili ni bomba la maji: yale maji ya bahari yaliyokwisha kupooza mashine yanamwagwa ndani ya moshi, mbele kidogo ya injini, na moshi unapoa kiasi cha kupita kwenye mpira maalumu na kutoka kwenye tezi ukiwa unatema maji. Hiyo ndiyo ile sauti ya "pwa, pwa, pwa" unayoisikia kwenye boti za watalii.

Njia hii ya pili ni nzuri, lakini nina neno na wale wanaoiga bila kuuliza. Mashine za boti mara nyingi hukaa chini, karibu na usawa wa bahari au chini yake. Ukimwaga maji ndani ya moshi na mahali unapoyamwagia pako chini, siku mashine imezimwa bahari inaweza kujivuta yenyewe kupitia mpira, taratibu, mpaka ijaze bomba na kurudi kwenye silinda. Asubuhi unapiga stata, pistoni inagonga maji, na maji hayakandamiziki. Ndiyo mwisho wa mashine. Ndiyo maana mpira wa maji lazima upandishwe juu ya usawa wa bahari na kufungwa vali ya kukata mvuto, na ndiyo maana kuna kile chombo cha kuzuia maji kurudi kabla ya bomba kutoka nje. Aliyeacha vitu hivyo viwili kwa sababu "vinaongeza gharama" hajaweka mfumo, ameweka mtego.

Na wale wa farasi, nisikilizeni. Mashine kubwa inapumua zaidi. Moshi wa farasi mia na ishirini ukiupitisha kwenye bomba la hamsini, lenye kona tatu kali, unarudi nyuma. Mashine inakabwa, inatoa moshi mweusi, inakula mafuta, inapata joto na mwendo haufiki. Kila mtengenezaji wa injini anataja mgandamizo wa juu unaoruhusiwa kwenye bomba la moshi, na hakutaja kwa kujifurahisha. Mwenye boti anadhani injini aliyouziwa ni mbovu, anakwenda kugombana na muuzaji. Kumbe amemnunulia mwanariadha viatu, halafu amemziba pua.

Najua majibu yatakayokuja, maana nimeyasikia ufukweni na nimeyasikia mjini.

La kwanza: "Miaka yote tunakwenda hivihivi na tunafika." Kweli, mlio hai mnafika. Ambao hawakufika hawapo hapa kubishana nami. Tena miaka hiyo mashine zilikuwa ndogo na za taratibu. Leo mmeongeza farasi mara mbili na mabomba ni yale yale.

La pili lina uzito, na silidharau: gharama. Mwenye mashua ya mbao si tajiri wa meli. Amekopa, ana watoto shuleni, na ukimwambia kibadilisha joto, koki ya bronzi na mpira maalumu wa moshi anaona unamfilisi. Lakini kaka, huyo huyo ndiye aliyepata fedha za mashine nzima! Sisemi anunue vyote leo. Nasema bei ya mashine ihesabiwe pamoja na maji yake na moshi wake, kama unavyohesabu nyumba pamoja na paa. Kama fedha haitoshi kwa vyote, basi nunua mashine ndogo kidogo na mabomba mapya. Farasi sitini wanaofika ni wengi kuliko mia na ishirini wanaozimika. Na serikali ikitaka kusaidia kwa kweli, iangalie kodi na upatikanaji wa vipuri hivi vidogo, ili impela isiwe kitu cha kusafiria siku mbili kukitafuta.

La tatu linatoka kwa wasomi wenzangu wa Mlimani: "Tusiwabane wanyonge kwa kanuni za matajiri." Maneno mazuri, yanapigiwa makofi. Ila huyo mnyonge mnayemtetea ni yupi? Mwenye boti, au mama aliyelazwa chini ya turubai karibu na bomba? Wanyonge wote wawili wamo ndani ya chombo kimoja, lakini ni mmoja tu kati yao anayeweza kuamua kuhusu bomba. Mwingine amelipa nauli.

Baada ya MV Bukoba mwaka 1996, Spice Islander mwaka 2011, Skagit mwaka 2012 na MV Nyerere mwaka 2018, taifa hili limejifunza kuzungumza kuhusu idadi ya abiria na majaketi ya kuokolea. Sisemi majanga yale yalitokana na mabomba. Nasema tulipojifunza kuhesabu vichwa na majaketi tukadhani tumemaliza somo. Jaketi ni la baada ya ajali. Mimi nataka mkaguzi ashuke chini kule kwenye giza na harufu ya dizeli, akiwa na tochi na kipimajoto, amwombe nahodha awashe mashine, atazame bomba limevikwa nini na linaelekea wapi, aguse koki ya chini, aulize impela ya akiba iko wapi, aulize kuna king'ora cha joto na kama kinalia. Ukaguzi wa robo saa. Na boti iliyobadilishwa mashine isirudi majini kabla ya ukaguzi huo, hata kama dua imekwisha kusomwa.

Nawe msomaji unayekwenda Mafia mwisho wa wiki kuogelea na papa potwe, au unayekwenda kumzika babu Pemba, usiseme mambo haya ni ya mafundi. Kabla hujapanda, uliza mashine ilibadilishwa lini na bomba lilibadilishwa lini. Kama bomba ni la maji, angalia tezini: maji yanatoka kwa nguvu au yanadondoka? Ukiwa ndani, usikae wala usimlaze mtoto pale moshi unapojikusanya. Na mtu akianza kuumwa kichwa na kutapika mpeleke kwenye hewa safi kwanza, mambo ya kuzoea bahari mtazungumza baadaye. Ukijibiwa kwa matusi, shuka. Nauli ni ndogo.

Na ninyi waandishi wenzangu, siku nyingine mkipigiwa simu kwamba boti imepata hitilafu ya injini, msikate simu. Ulizeni: ilikuwa maji, au ilikuwa moshi?

Nawasilisha.